Tatu au Nane

Kadi ya kwanza ilisema: e2 – e4.
Basi. Hakuna salamu, hakuna "natumai u mzima."
Upande wa picha, stesheni ya Kigoma
imepigwa mchana, haina mtu.
Nikajibu kwa hatua moja fupi, e7 – e6,
mlango uliofunguliwa kiasi cha jicho.

Kinga ya Kifaransa, kilisema kijitabu
nilichokikuta bila jalada kwenye mnada wa reli.
Sijui Wafaransa walikuwa wakimwogopa nani.
Mimi naiona kinga ya mtu wa Tabora:
mgeni unamwachia sebule, ananyoosha miguu,
nawe uko uani unachochea moto,
unajua wewe lini chakula kitaiva.

Ila ina gharama yake. Askofu wa c8
hufungiwa na waumini wake mwenyewe.
Kila mshazari anaoutazama
umezibwa na mgongo wa askari.

Treni ilikuwa mara tatu kwa wiki.
Usoke, Urambo, Kaliua, Uvinza penye chumvi,
na hatua yangu moja ndani ya gunia
kati ya barua za mahari na hundi za tumbaku.
Masika yalipokula tuta la reli
farasi wangu alining'inia siku arobaini,
ametoka b8, hajafika c6.

Mwaka wa vita akaja kijana mpole, viatu vipya.
Bwana Mihayo akamwonyesha kadi: "Ndizo hizi."
"Farasi ni nani? Ngome iko wapi?"
Nikatandika ubao juu ya kaunta,
baina ya gundi na mihuri,
weusi wa mpingo, weupe wa mninga,
yaani weupe wa kukubaliana tu.
Alikaa saa mbili. Akafungwa mara mbili.
Kadi akaipiga muhuri mwenyewe.

Hatua ya thelathini na nne ikaja na doa.
Ntahondi hula huku anaandika, ndivyo nilivyomjua,
hatujaonana hata siku moja:
duara la mawese limeketi juu ya tarakimu.
Ngome, a1 – a,
halafu kitu chenye matumbo.

Nikaipeleka dirishani. Nikaipeleka kwenye taa.
Ikiwa tatu, ngome yake imetoka kupunga upepo
na mimi nashinda kabla ya asali ya pili kushuka mizingani.
Ikiwa nane, imeingia mpaka chumbani,
imemshika askofu wangu kanzu,
na nyuma ya askofu, mfalme.

Siku nne nililala na ile tatu.
Nilipika nayo, nikagawa mishahara ya walimu nayo.
Ningeuliza, kadi ni senti ngapi?
Lakini kuuliza ni kuonyesha.
Na kunyamaza,
hilo nalo nililijua jina lake.

Siku ya tano nikaandika: *Nimesoma nane.
Mfalme g8 – f7. Askofu mchukue.*

Wiki tatu.
Kisha, chini ya picha ileile ya stesheni tupu,
maneno yake ya kwanza kwangu katika miaka sita:
*Niliandika tatu, Kalunde. Nane sikuiona.
Sasa nimeiona, na siwezi tena kutoiona.
Tufanyeje?*

Ubao uko mezani, nyuma ya mizani ya vifurushi.
Ngome yake nimeisimamisha a5,
mahali ambapo hakuna kati yetu aliyeituma.
Askofu yuko c8, hajui lolote.
Bwana Mihayo ameshika kamba,
anauliza kama gunia la Kigoma lifungwe.

Nimemwambia ngoja.